Shemasi Anakula Mwisho

Barking, London
10 Desemba 2024

Yaya wangu mpenzi, dada yangu Stéphanie,

Nakuandikia nikiwa mke wa mtu! Nimeijaribu sentensi hiyo kwenye karatasi nyingine kabla ya kuiweka hapa, kwa sababu napenda kuitazama. Mke wa mtu. Mke wa Serge!

Tangu mnara wa simu uungue huko kwenu nimelia sana kwamba hukusikia hata kigelegele kimoja. Lakini sasa nafurahi, maana barua inabeba mambo ambayo kwenye simu ningeyaonea haya. Naituma kwa sanduku la Cosmas, Kigoma, naye atavuka nayo ziwa akija kwenu na chumvi yake.

Basi sikiliza. Serge ana mikono iliyotulia kuliko mikono yote niliyowahi kuona. Alfajiri anasafisha maofisi katikati ya mji, na saa zilizobaki zote ni za kanisa. Kanisa letu ni dogo, karibu sote ni Wakongo, tunakodi ukumbi nyuma ya duka la mazulia. Mchungaji Jean ndiye anayehubiri, lakini Serge, shemasi, ndiye anayefanya watu warudi. Kila Jumamosi tunapika ugali wetu wa bukari, majani ya sombe na vidagaa vya ndakala kwa yeyote mwenye njaa, awe na karatasi za kuishi hapa au asiwe nazo. Serge anapakua, na ana kanuni moja: shemasi anakula mwisho. Anasema ndivyo walivyokuwa wale saba wa Yerusalemu waliochaguliwa kuhudumia meza, siku zile waumini walipoleta mali zao kwa hiari na kila mtu akapewa kadiri ya haja yake. Akiyasimulia hayo macho yake yanang'aa, yaya, na mimi nayeyuka palepale karibu na masufuria!

Mara nyingi zamu yake ikifika umebaki ukoko tu. Anatabasamu, anakunywa maji, glasi juu ya glasi. Kuna kaka mmoja hapa, Gires, alikuwa fundi viatu Uvira, ombi lake la ukimbizi limekataliwa lakini mdomo wake haujakataliwa kitu. Anamkemea mbele ya watu: "Shemasi, kula bwana! Hata Stefano alikula kwanza ndipo wakampiga mawe." Watu wanacheka mpaka wanashika meza. Gires huyo ndiye aliyebandika soli mpya kwenye viatu vyangu vya harusi, akasema ni zawadi yake kwa sababu mkononi hana kingine ila gundi.

Mara moja kwa mwezi Serge anachukua beseni anaosha miguu ya wageni, na kila mara anaanza na Gires, kiti cha kwanza karibu na mlango. Jioni ya harusi yetu nilitaka kumwosha yeye. Nilichemsha maji, nikaweka na tone la manukato. Alikataa! "Mimi ndiye mtumishi," alisema, akanibusu kwenye paji la uso. Mpaka leo analala na soksi, eti baridi ya London. Nacheka peke yangu nikikumbuka. Hata kwenye friji ana kifuko chake cha vitu kama kalamu, ananiambia ni vitamini kwa sababu ya jua haba, nisiguse. Mtu mzima na vitamini zake kama mtoto!

Yaya, nimepata mtu mwema. Furahi pamoja nami.

Wako mwenye furaha inayomwagika,
Léocadie, mke wa Serge


Kituo cha afya, milimani juu ya Baraka
8 Januari 2025

Mdogo wangu Léo,

Cosmas amefika amelowa mpaka kiunoni lakini barua yako ilikuwa kavu ndani ya mfuko wa chumvi. Nimeisoma kwa sauti mbele ya wajawazito waliokuwa foleni. Walipiga vigelegele, kwa hiyo usilie tena. Mmoja amesema anataka shemasi kama huyo hata akiwa wa mitumba.

Nimefurahi. Mama angefurahi zaidi. Nakuombea nyumba yenye kelele za watoto.

Hapa hali ni ile ile. Watu wanapanda kutoka bondeni na magodoro kichwani, wanalala kwenye veranda ya kituo. Jokofu la dawa limekufa. Tunagawana kila kitu kama lile kanisa la Yerusalemu, tofauti ni kwamba sisi hatukuombwa hiari yetu.

Sasa nivumilie, maana mimi ni muuguzi na siwezi kusoma barua bila kumpima mtu. Maji mengi hivyo, wakati wa baridi? Shemeji anakojoa mara nyingi? Anakonda? Na hizo kalamu za kwenye friji, zina kofia? Zina maandishi gani? Usimwulize kama askari. Angalia tu, uniandikie.

Na umwambie kutoka kwangu kwamba Bwana mwenyewe alikubali kuoshwa miguu na mwanamke kwa machozi, kabla hajaosha ya wanafunzi wake. Anayekataa kuoshwa nina maswali naye.

Niandikie upesi. Simtishi mtu.

Dada yako,
Stéphanie


Barking
30 Januari 2025

Yaya mpenzi, yaya mchunguzi, yaya askari kanzu!

Nimekusoma nikacheka mpaka Serge akaja kuuliza kuna nini. Sikumwonyesha, maana ungeniaibisha! Nami najibu kama mwanafunzi mwema. Ndiyo, anakunywa maji. Ndiyo, anaamka usiku, lakini nani asiyeamka, na nyumba hizi zilivyo na ubaridi? Ndiyo, amekonda, ila ni kwa kufunga na kuomba. Nimejaribu kumzuia. Ananiambia njaa inamkumbusha wale anaowapakulia.

Acha nikusimulie kisa cha pete. Jumamosi iliyopita pete yake ya ndoa ilichomoka kidoleni ikazama kwenye sufuria ya sombe, hatukujua. Gires akaanza kula, akasimama, akatoa pete mdomoni, akapiga goti mbele ya umati: "Shemasi! Umenichumbia mimi sasa? Na huyu bibi arusi tumpeleke wapi?" Mchungaji Jean alicheka mpaka akatoka nje. Nimeifunga pete kwa uzi ili imkae. Naipenda hivyo, na uzi wake.

Tena kuna jambo moja ninakunong'oneza, usiwasomee wajawazito. Pumzi yake imekuwa tamu. Kweli! Akiinama kunibusu inanukia kama tunda lililoiva sana, kama ndizi za kwa bibi zilizosahauliwa ndani ya kapu. Ndio upendo huo, nimejisemea. Watu wamesimulia mengi ya ndoa lakini hili hakuna aliyeniambia.

Kalamu za friji sijazisoma. Baada ya chakula cha Jumamosi anakichukua kile kifuko, anaingia na Gires kwenye jiko la ukumbi, wanafunga mlango. Wanaomba. Gires anatoka amechangamka, anajipapasa tumbo kama aliyekula mara ya pili. Sitaki kuwa mke wa kuchungulia maombi ya watu.

Na simu yangu sinayo tena! Amekuja mama mmoja, Marion, na watoto wawili, hawana chochote. Serge akampa simu yangu. Aliniambia akiwa ameshampa, akacheka, akasema mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu, na sisi tuna simu mbili na moyo mmoja. Nami nikacheka. Nilikuwa na picha za mama mle ndani, lakini Marion ameahidi hatazifuta.

Unaona mtu niliyempata?

Wako anayepepea kama pazia dirishani,
Léocadie, mke wa Serge


Kituo cha afya
24 Februari 2025

Léocadie,

Soma barua hii mpaka mwisho kabla ya kufanya lolote jingine.

Mume wako anaumwa kisukari. Simkisii. Kiu, kukojoa, kukonda mpaka pete inaanguka, na hiyo pumzi. Huo si upendo, mdogo wangu. Mwili ukikosa insulini unajichoma wenyewe, na moshi wake ndio hiyo harufu ya tunda. Nimeinusa kwa watoto wawili hapa mwaka huu. Wote wawili tumewazika.

Hizo kalamu ni sindano za insulini. Kwa hiyo yeye anajua. Alikuficha kabla ya harusi, kama wengi wanavyoficha, akiogopa utakimbia. Lakini kama dawa anayo na bado anakauka hivyo, basi hatumii yote. Nimekaa na barua yako siku nzima nikijiuliza inakwenda wapi. Nafikiri inaingia tumboni mwa Gires, nyuma ya ule mlango mnaodhani ni wa maombi. Soksi nazo hazifichi baridi. Zinaficha kidonda.

Mpeleke hospitali, leo. Na huyo Gires mpeleke kwa daktari leo hiyo hiyo, maana nusu ya dozi haimtoshi hata mmoja wao.

Umwambie na hili, kwa kuwa anapenda kutaja wale saba. Hawakuchaguliwa gizani. Walichaguliwa mbele ya watu wote kwa sababu wajane wengine walikuwa wanasahauliwa mezani, na kazi yao ilikuwa kuhakikisha kila haja inaonekana. Na waliotoa mali zao walitoa kilicho chao. Yeye ametoa na mume wako, bila kukuuliza.

Cosmas anavuka kesho. Nimempa namba yako ya zamani, atapiga akifika Kigoma. Huyo Marion akipokea atakuita.

Stéphanie


Barking
6 Machi 2025

Yaya mpenzi,

Barua yako bado haijafika nami siwezi kusubiri, nina maneno mengi na hakuna wa kumwambia.

Serge amechoka. Kazini wamempa likizo. Anapumua kwa nguvu hata akikaa, kama mtu aliyepanda ngazi. Anasema ni mafua. Mimi namtengenezea uji mtamu sana, na maji ya machungwa, na chai yenye sukari mpaka kijiko kinasimama, na anakunywa vyote mbele yangu ili kunifurahisha. Ananitazama akinywa, yaya, na macho yake yanalengalenga. Kuna mwanamke anayependwa hivyo?

Jambo moja limenikwaza. Jumamosi Marion alinijia tukiosha sahani. "Mama, hali ya mume wako? Umeshampeleka?"

"Nimpeleke wapi? Ni mafua tu."

Akamtazama Serge. Serge akasema, "Marion, zile sahani za huku," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nilipomwuliza tukirudi kwenye basi, alisema ni mambo ya kanisa, akaegemeza kichwa begani kwangu. Kilikuwa cha moto. Nilikaa bila kutikisika mpaka kituo chetu kikapita.

Jumamosi hii ninataka akae, mimi nipakue. Amekataa. Nimemwambia hata Gires anasema ale kwanza. Akajibu, "Gires ana sababu zake," akafumba macho.

Niombee. Nina furaha, nina furaha kweli, ila niombee.

Wako,
Léocadie, mke wa Serge


Barking
22 Machi 2025

Yaya,

Barua yako ya Februari imefika juzi. Nimeisoma nimesimama mlangoni na koti mwilini. Kila ulichoandika kilikuwa kimeshatokea.

Serge yuko hai. Naanza na hilo ili usije ukaruka mistari.

Alianguka ile Jumamosi, mwiko mkononi, mbele ya foleni. Watu walianza kukemea pepo. Gires peke yake aliruka meza, akampiga makofi ya mashavu, akaniambia, "Shemeji, hii ni sukari. Piga simu ya dharura. Chukua kile kifuko cha friji, chote, uwape madaktari wajue anatumia nini." Sikumwuliza alijuaje. Nilisikia "chukua" nikachukua. Watu wa gari la wagonjwa walipoingia na sare zao nilimwona Gires akirudi nyuma taratibu, akasimama nyuma ya viti vilivyopangwa ukutani mpaka walipoondoka.

Daktari aliniuliza mume wangu ana kisukari tangu lini. Nilisema hana. Alinitazama kwa huruma, nikatamani sakafu ipasuke. Walimvua soksi mbele yangu. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vyeusi. Wamevikata.

Kwa siku kadhaa hakujitambua. Alasiri moja nilirudi nyumbani kumchukulia nguo, nikamkuta Gires amekaa kwenye ngazi. Alikuwa na midomo mikavu. Akainuka, akauliza habari za Serge, nikamjibu. Kisha akasema, bila kunitazama, "Shemeji, shemasi hakuniachia kitu kidogo kwenye friji?"

Yaya, nilidhani anaomba chakula. Mabaki ya Jumamosi huwa tunayaweka pale. Nilikuwa nimechoka, nina hasira na ulimwengu mzima na wote waliokula wakati mume wangu akikauka. Nikamwambia, "Serge yuko kitandani na mipira puani, na ninyi bado mnataka kupakuliwa?"

Akacheka, kama kawaida yake, ila hapakuwa na sauti. "Basi, shemeji. Mwambie Stefano mawe yaliyobaki nitayadaka mimi."

Niliona aibu. Nikamwita, nikampa bakuli la bukari. Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda.

Serge alipofungua macho neno la kwanza lilikuwa "Gires." Nikamwambia Gires ni mzima, alikuja kuomba chakula. Alianza kulia, na mashine zake zikaanza kulia naye. Ndipo aliponiambia yote. Walikuwa wanagawana sindano tangu ombi la Gires lilipokataliwa. Gires aliogopa kwamba akienda kwa daktari watampigia simu polisi, akarudishwa. Serge aliona ni heshima kubwa Mungu amempa, kugawa hata hicho. Aliapa hatasema.

Mchungaji Jean alikimbilia chumba cha Gires, mwenye nyumba akafungua. Alikuwa kitandani amejifunika koti, ameshapoa. Bakuli langu lilikuwa dirishani, bukari haijaguswa.

Kile kifuko nilichopeleka hospitali kilikuwa na sehemu yake. Alijua hivyo aliponiambia nichukue chote.

Muuguzi mmoja, mama wa Kigoma, alinishika bega kwenye korido akaniambia jambo ambalo sijui nilipeleke wapi. Hapa mtu yeyote anaweza kujiandikisha kwa daktari wa mtaa. Hawaulizi karatasi. Gires angetembea dakika chache tu kutoka ukumbini akapewa kalamu zake mwenyewe. Katika kanisa zima hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza kwa sauti.

Marion amekuja kulia kwangu. Cosmas alimpigia kweli, akampa ujumbe wako. Yeye alikwenda kumwambia shemasi, kwa heshima, kwa kuwa ndiye mkubwa. Serge akamshukuru, akasema atanieleza mwenyewe.

Sijui niandike nini chini ya barua hii.

Léocadie


Kituo cha afya
10 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Nimeipata. Nimekaa nayo nje, sikuisoma kwa sauti.

Sina la kukukaripia. Ulimnyima mtu dawa usiyoijua, ukampa chakula ulichokuwa nacho. Anayejua na kuficha ndiye wa kuulizwa. Lakini usimwulize kama hakimu. Mtu anayetaka kuwa chini ya wote anaweza kupotea huko huko chini, na hakuna atakayemwona kwa sababu kila mmoja anamsifu.

Nimewaza jambo dogo tu. Ameosha watu wote wa ukumbi ule. Wewe, Léo, nani anakuosha?

Kula. Lala. Niandikie hata mistari miwili.

Yaya wako


Barking
20 Aprili 2025, Pasaka

Yaya,

Barua yako kama ipo bado iko njiani, lakini nimekuota ukiniuliza kitu nikaamka kabla hujamaliza.

Serge ametoka hospitali. Anatembea na mkongojo. Mimi ndiye ninayemchoma sindano, asubuhi na jioni. Ananipa mkono au tumbo, anageuza uso. Hatuzungumzi sana. Nampenda bado, lakini nikimtazama natafuta soksi, nini tena ameficha. Pumzi yake haina harufu yoyote sasa. Siku ya kwanza nilipogundua hilo niliingia bafuni nikafungua maji ili asinisikie.

Kanisa lilitaka kumpa sifa. Mzee mmoja alisimama akasema tumeona kwa macho yetu upendo wa Matendo ya Mitume, shemasi aliyetoa hata damu yake. Watu wakaitikia amina. Gires hakutajwa ila kama aliyesaidiwa. Serge alikaa ameinamisha kichwa, nami sikuweza kujua kama ni unyenyekevu au ni aibu, na hilo ndilo limeniumiza kuliko yote: kwamba mimi mke wake siwezi kutofautisha.

Alhamisi, siku ya kuosha miguu, Mchungaji Jean alisema mwaka huu tuiache. Serge akasema hapana. Alijaza beseni mwenyewe, akaburuta mguu wake mpaka kwenye kiti cha kwanza karibu na mlango. Kiti kilikuwa kitupu. Hakuna aliyethubutu kukikalia. Serge alipiga goti mbele yake kwa shida, taulo begani, akabaki hivyo. Watu wakaanza wimbo wa taratibu ili kumfunika.

Nikaona habari ya Gires inageuka tena. Inageuka kuwa kitu kizuri cha kusimuliwa.

Niliinuka, nikaenda, nikakaa kwenye kile kiti. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya harusi, vile vya soli ya Gires. Nikavivua, nikaweka miguu ndani ya beseni. Serge akaninong'oneza, "Mpenzi, wewe na mimi ni mwili mmoja, hakuna haja."

Nikamwambia kwa sauti, "Haja ipo. Mimi pia ni mtu wa kanisa hili. Hujawahi kuniosha, na hujawahi kuniambia kitu."

Wimbo ukafa. Maji yalikuwa yamepoa. Alishika mguu wangu wa kulia kwa mikono yote miwili, na ile mikono yake iliyotulia, yaya, ilisahau kazi yake. Hakuosha. Alikaa ameushika tu. Kisha akasema, "Nina kisukari." Hakupaza sauti, lakini ukumbi ulikuwa kimya hata tukasikia basi likifunga mlango huko nje. "Nimekuwa nacho tangu nikiwa Bukavu. Gires naye alikuwa nacho. Nilimgawia dawa kwa siri. Nilimficha asionekane na daktari, nikajificha nisionekane na mke wangu, na siri hiyo nikaiita utumishi. Marion aliniletea onyo, nikalizima. Kama ningesema neno moja hapa mbele yenu, mmoja wenu angejua la kufanya."

Hakuna aliyesema amina. Mzee wa sifa alitazama chini.

Kiti kikasogea nyuma. Ilikuwa Marion, mtoto mgongoni. "Na mimi," alisema. "Yangu si sukari, ni presha. Tangu nifike sijanywa kidonge. Niliogopa kuulizwa karatasi." Akakaa upesi kama aliyeungua. Kisha mzee mmoja wa upande wa dirisha, ambaye hata jina lake la kwanza silijui, akainua mkono kama mtoto wa shule. Kisha mama mwingine. Serge alikuwa bado amepiga goti, anageuza kichwa kuwatazama mmoja mmoja, na uso wake ulikuwa wa mtu anayewaona watu hao kwa mara ya kwanza, ingawa amewapakulia miaka.

Zahanati zitafungua Jumanne baada ya sikukuu. Nitawapeleka mimi. Tumekubaliana kukutana mlangoni pa ukumbi asubuhi.

Aliniosha. Mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akanikausha katikati ya vidole kama unavyomkausha mtoto. Halafu nikamwambia akae yeye kwenye kiti, nami nikachuchumaa. Alishika ukingo wa kiti. Nikamvua soksi mbele ya watu wote. Pale vidole vilipokuwa pamekuwa pekundu, panang'aa, ngozi nyembamba kama ya maziwa yaliyopoa. Nilipita hapo kwa kiganja, polepole. Hakusema yeye ni mtumishi.

Tulipofika kwenye chakula nilishika mwiko mimi. Nilipakua sahani ya kwanza nikaiweka mbele ya Serge, kipimo alichoandikiwa, sombe nyingi na bukari kidogo. Aliitazama sahani, akatazama foleni. Watu walikuwa na njaa, ila hakuna aliyesogea. Nilisimama pale na mwiko mkononi mpaka alipoanza kula.

Léocadie